Uzi: Ron Paul 2008, dola 500 za mbaguzi, na nani hasa mwenye wajibu wa kuzikataa

Shahidi wa Mchujo (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kule kwenye uzi wa uchaguzi wa Marekani kuna mchangiaji ameandika kwamba mgombea akishashabikiwa na wabaguzi wa rangi basi na yeye ni mbaguzi, kesi imekwisha. Mwingine akamjibu kwamba kila mtu ana uhuru wa maoni, kwa hiyo mgombea aachwe. Nilitaka kuwajibu palepale nikaona nitauteka uzi wa watu, ndiyo maana nimefungua huu.

Naona wote wawili wamechanganya mambo, na mfano unaonyesha vizuri kuliko yote ninayoyajua ni kampeni ya Ron Paul ya 2007 na 2008. Wengine humu mlikuwa darasa la tatu wakati ule, kwa hiyo naanza mwanzo.

Ron Paul ni daktari wa uzazi, na mwenyewe husema amezalisha watoto zaidi ya 4,000. Aliingia Baraza la Wawakilishi mara ya kwanza 1976 kutokea Texas, akatoka, akarudi, akagombea urais 1988 kwa tiketi ya chama cha Libertarian, chama kidogo cha wanaotaka serikali isiingilie maisha ya watu, akapata kura kama 432,000 nchi nzima, kisha 1997 akarudi tena bungeni kama Republican. Wenzake walimpachika jina la "Daktari Hapana" kwa sababu kila muswada anaoona umevuka mipaka ya katiba alikuwa anaupigia kura ya hapana, hata akibaki peke yake ukumbi mzima.

Hilo la hapana ndilo lililompa heshima. Oktoba 2001, vifusi vya New York bado vinafuka moshi, ulipita muswada wa Patriot Act. Wabunge 357 walisema ndiyo, 66 wakasema hapana, na kati ya hao 66 Warepublican walikuwa watatu tu. Yeye mmojawapo. Ibara ya 215 ya sheria ile iliipa FBI uwezo wa kwenda mahakama ya siri ikapewa kibali cha kuchukua kumbukumbu za biashara yoyote, hata orodha ya vitabu ulivyoazima maktaba, na mkutubi aliyezitoa akikwambia amevunja sheria. Mwaka uliofuata alikataa vita ya Iraq, Warepublican sita tu barazani. Mwaka 2006 akakataa sheria ya mahakama za kijeshi iliyowanyima wafungwa wa Guantánamo haki ya kufikishwa mbele ya jaji wa kawaida, na Oktoba 2007, akiwa katikati ya kampeni, akapeleka muswada wa kuifuta.

Alitangaza kugombea tarehe 12 Machi 2007. Hakuna aliyemjali mpaka mdahalo wa tarehe 15 Mei pale Columbia, South Carolina. Aliulizwa kuhusu Septemba 11 akajibu kwamba wale watu waliishambulia Marekani kwa sababu Marekani imekuwa kule kwao, ikiipiga Iraq mabomu miaka kumi. Rudy Giuliani, meya wa New York siku ile ya mashambulizi, akamkatiza, akasema hajawahi kusikia maelezo kama hayo, akamtaka ayaondoe maneno yake. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mzee hakuyaondoa, akaendelea kueleza habari za mapinduzi ya Iran ya 1953 yaliyofanywa kwa mkono wa Marekani.

Kwa chama chake ilikuwa kama amejichimbia kaburi, kumbe mtandaoni ndiyo kwanza kunakucha. Wafuasi wakajipanga wenyewe bila kusubiri makao makuu. Novemba 5, 2007 wakachanga zaidi ya dola milioni 4 kwa siku moja, wakaliita bomu la pesa. Desemba 16, kumbukumbu ya siku Wamarekani walipomwaga chai ya Waingereza bandarini Boston, wakachanga zaidi ya milioni 6. Robo ile ya mwaka alikusanya karibu dola milioni 20. Kulikuwa na wanafunzi, wanajeshi waliochoka na Iraq, wapinga kodi, wapinga benki kuu, watu wa bangi, Wakristo wanaosomesha watoto nyumbani.

Na kulikuwa na Don Black.

Huyu alikuwa kiongozi wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, kule Alabama, akafungwa kwa kushiriki njama ya 1981 ya kwenda kuipindua serikali ya Dominica, kisiwa kidogo cha watu weusi, halafu 1995 akafungua Stormfront, mtandao mkubwa wa wanaotaka taifa la wazungu watupu. Alimchangia Ron Paul dola 500. Likajulikana. Waandishi wakauliza kama zitarudishwa, na Desemba 2007 msemaji wa kampeni akajibu kwamba hazirudi: mtu mwenye fikra finyu akidhani pesa yake itamgeuza Ron, amepoteza pesa yake, na Ron ataitumia kuhubiri uhuru.

Wiki chache baadaye, Januari 8, 2008, siku ileile ya mchujo wa New Hampshire, jarida la The New Republic likachapisha yaliyomo kwenye vijarida vilivyotoka kwa jina la Ron Paul miaka ya themanini na tisini. Toleo la Juni 1992 lilisema utulivu ulirejea Los Angeles baada ya ghasia pale tu watu weusi walipotakiwa kwenda kuchukua hundi zao za msaada wa serikali. Martin Luther King alitukanwa. Mashoga walitukanwa. Makala mengi hayakuwa na jina la mwandishi, ila juu ya ukurasa jina lilikuwa moja, kubwa. Ron Paul akasema hakuyaandika, hakuyajua, anayakana, ila anabeba wajibu wa kimaadili kwa kutosimamia.

Sasa sikieni upande wa pili, maana ndio unaosahaulika. Februari 2009, uchaguzi umeshapita, kituo cha kukusanya taarifa za kiintelijensia cha jimbo la Missouri kiliwaandalia polisi ripoti kuhusu makundi ya wanamgambo wenye silaha. Miongoni mwa dalili za kumtambua mwanamgambo ripoti iliweka stika na vitu vya kampeni ya Ron Paul, na pia za Bob Barr na Chuck Baldwin, waliogombea urais 2008 kwa vyama vidogo. Maana yake askari wa barabarani akikusimamisha, akaona stika ya mgombea halali nyuma ya gari lako, ameshakuweka kwenye fungu la watu wanaoweza kumpiga risasi. Ripoti ikavuja Machi, watu wakaja juu, ikaondolewa, na mkuu wa usalama wa jimbo akawaomba radhi wanasiasa hao watatu.

Msimamo wangu ni huu. Serikali haina haki kabisa ya kumhesabu mtu mhalifu kwa sababu ya stika, mchango au mtu aliyesimama naye kwenye mkutano. Mgombea siyo serikali. Mgombea anaruhusiwa, na katika hili alipaswa, kumwambia Don Black chukua hela zako. Kampeni ya Ron Paul ilitumia lugha ya haki za raia kukwepa uamuzi wa uongozi, na Missouri ikatumia kivuli cha wabaguzi kukanyaga haki za raia. Mimi sioni kwa nini nichague upande hapo.

Naomba kuwasilisha. Matusi hapana.

---

Kitasa

Nimechukua kiti mbele kabisa. Endeleeni.

---

Binti Likoni

Asante kwa uzi. Mimi ni wa Mombasa na nina jambo moja la kuongeza, kwa sababu nyie mnalizungumza hili kama siasa za mbali.

Huo Machi 2007 ambao daktari alitangaza kugombea ndio mwezi Pentagon ilipotangaza kuwa imempeleka Guantánamo Mkenya aliyekamatwa hapa kwetu Februari. Hakufunguliwa mashtaka mahakamani hata mara moja. Alirudishwa Kenya Desemba 2024. Miaka kumi na saba na ushei. Aliyeacha mtoto mchanga nyumbani angerudi akakuta mtu mzima mwenye kitambulisho.

Na huo mdahalo wa South Carolina uliousimulia, usiku uleule mgombea mwingine, Mitt Romney, alisema watu wanataka Guantánamo ifungwe, yeye anaona iongezwe mara mbili. Akashangiliwa. Kwa hiyo kwenye jukwaa lile, mtu anayesema kila mfungwa afikishwe kwa jaji alikuwa wa kuhesabika kwa kidole.

Hayo ya vijarida yananikirihi. Lakini mimi nikipima, nampima kwa nani alisimama wapi wakati watu wetu wanabebwa usiku. Wanaojiita wastaarabu kwenye vyama vyote viwili ndio waliopiga kura ya ndiyo.

---

Mkaa Houston

Dada yangu wa Likoni, nakuheshimu, ila naomba nikuonyeshe picha ukiwa upande huu.

Niko Houston mwaka wa kumi na kitu. Ron Paul makazi yake Lake Jackson, unateremka kusini kuelekea ghuba, saa moja hivi kwa gari. Hivi vijarida havikuwa barua za mtaani zilizochapwa na kichaa mmoja. Ilikuwa biashara. Kampuni ina jina lake, watu wanalipia mwaka mzima, na 1993 iliingiza dola 940,000 hivi. Mteja alitafutwa kwa makusudi: mzungu mwenye hofu, anayeamini mji unateketea na weusi wanakuja. Hofu ndiyo iliyokuwa inauzwa.

Halafu mleta uzi umemwachia kirahisi. "Hakuyajua" alianza kusema lini? Mwaka 1996 mpinzani wake wa ubunge aliyaibua hayohayo maandishi. Magazeti ya Texas yakamuuliza. Hakusema si yangu. Alisema yamenyofolewa kutoka kwenye muktadha. Ilipofika 2001 ndipo akaliambia jarida la Texas Monthly kwamba aliyeandika ni mtu mwingine. Yaani miaka mitano ndiyo ilimchukua kukumbuka kwamba hakuandika.

Na kuna kura moja ambayo hukuitaja. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha azimio la kuadhimisha miaka 40 ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Ni azimio la pongezi tu, halibadilishi chochote. Kura 414 kwa 1. Huyo mmoja ni yeye. Sababu yake: sheria ile iliingilia mali binafsi ya mtu na uhuru wa kuingia mikataba.

Tafsiri yake kwangu ninayekula mgahawani Texas ni kwamba mwenye mgahawa ana uhuru wa kuninyima chakula kwa sababu ya ngozi, na serikali ikimzuia imeonea mwenye mgahawa. Anailinda simu yangu isisikilizwe na FBI, sawa, nashukuru. Ila mlangoni kwa hoteli ananiacha na Mungu wangu. Uhuru wa nani huo?

---

Babu wa Kigogo

Yote hayo ya nini, hapa kwetu nani hajui wagombea wanavyofanyiwa? Tuanze na ya nyumbani kwanza.

---

Shahidi wa Mchujo

Babu shikamoo. Nyuzi za nyumbani zipo tele, na nyingine zimefungwa na mods kabla hujamaliza kusoma. Huu uache uwe wa Ron Paul.

Mkaa, la 1996 nalikubali lote, na ni jambo baya kuliko dola 500. Naongeza la kwangu. Mwaka 1992 Murray Rothbard, mwanauchumi aliyekuwa mwalimu wa kifikra wa kundi lile, aliandika makala akitoa mkakati waziwazi: wapenda uhuru waache kuhangaika na wasomi, wajifunze kwa David Duke, yule kiongozi wa zamani wa Klan aliyegombea ugavana wa Louisiana 1991 akapata wingi wa kura za wazungu. Alisema programu ya Duke haikuwa na kitu ambacho watu wa kundi lake wasingeweza kukikubali. Soma toleo la Juni 1992 ukiwa unajua hilo, unaona kabisa kuwa vijarida vilikuwa vinatekeleza mkakati, na wala siyo mwandishi mmoja aliyeteleza kalamu.

Kinachonishangaza zaidi ni King. FBI ilimsikiliza King kwenye simu kwa kibali kilichotiwa saini Oktoba 1963 na Robert Kennedy, mwanasheria mkuu, mtu anayekumbukwa kama rafiki wa haki za kiraia. Walitega vinasa sauti vyumbani kwake hotelini, wakamtumia kanda kwa posta pamoja na barua ya kumsukuma ajiue. Ukitaka kumweleza Mmarekani kwa nini serikali isipewe uwezo wa kusikiliza simu bila jaji, mfano wa kwanza ni King. Na vijarida vya mpinzani mkubwa wa kusikiliza simu vikachagua kumdhihaki huyohuyo. Januari 2008 Ron Paul aliiambia CNN kuwa King ni shujaa wake. Huenda kweli. Wanunuzi wa vijarida hawakuambiwa.

Ila na wewe usiache upande mmoja. Septemba 2007 kulikuwa na mdahalo wa Republican Chuo Kikuu cha Morgan State, Baltimore, chuo cha kihistoria cha watu weusi, ulioendeshwa na Tavis Smiley. Wagombea vinara, yaani Giuliani, McCain, Romney na Fred Thompson, hawakutokea. Nafasi zao zikabaki tupu jukwaani mbele ya kamera. Ron Paul alikwenda, akasema sheria za dawa za kulevya zinawaonea weusi mahakamani na magerezani na zifutwe. Mwaka 2007 Republican kulisema hilo hadharani halikuwa jambo dogo.

---

Ndizi Mshale

Mimi sielewi kelele za dola 500. Jamaa kakusanya milioni 20 kwa miezi mitatu. Dola 500 ni nini? Tena hela ya adui ukiila umempunguzia risasi. Ukimrudishia anakwenda kununulia nini, mafuta ya kuchomea misalaba? Kampeni ilifanya la maana.

---

Mkaa Houston

Ndizi, kama dola 500 si kitu, kuzirudisha kulikuwa na hasara gani? Hundi moja na stempu. Zilibaki kwa sababu kuzirudisha kungewaambia watu fulani kwamba hawatakiwi, na kampeni haikutaka kuwaambia hivyo. Hiyo ndiyo bei iliyokwepwa. Kuna na picha ya Septemba 2007, Florida, mgombea kasimama na Don Black na mtoto wake. Sawa, mgombea anapigwa picha na kila mtu, hilo simlaumu. Lakini picha ikishatoka na jina likishajulikana, sentensi moja ya kumkataa mtu haimalizi wino.

---

Wakili Tarajali

Nimesoma mpaka hapa. Naingia upande wa sheria kwa sababu kuna jambo watu wamelipita juu juu: dola 500 zilijulikanaje?

Sheria ya uchaguzi ya Marekani inaitaka kampeni itaje jina, anwani na mwajiri wa kila aliyechangia jumla ya zaidi ya dola 200, na orodha inawekwa wazi. Kiwango cha juu kwa mtu mmoja msimu ule kilikuwa dola 2,300 kwa kila uchaguzi, mchujo peke yake na uchaguzi mkuu peke yake. Don Black angetoa 150 pengine tusingekuwa na uzi huu. Kwa hiyo aliyemfichua ni serikali yenyewe, kwa lazima ya sheria.

Hapo ndipo utamu ulipo. Mwaka 1956 jimbo la Alabama, nyumbani kwa huyohuyo Don Black, lilikidai chama cha NAACP, kinachotetea haki za watu weusi, orodha ya wanachama wake. Kila mtu alijua orodha ikitoka watu watafukuzwa kazi, nyumba zitachomwa. NAACP ikakataa, ikapigwa faini ya dola 100,000, ikaenda hadi Mahakama ya Juu, na 1958 ikashinda: serikali haiwezi kulazimisha orodha ya wanachama pale ambapo kuitoa kunaua uhuru wa kujumuika. Kumbe haki anayoitegemea leo mfuasi wa Ron Paul asiandikwe kwenye daftari la Missouri ilipiganiwa na weusi wa Alabama.

Halafu 1976, kwenye kesi ya Buckley dhidi ya Valeo, mahakama ikasema wachangiaji wa kampeni ni habari nyingine, watajwe, maana mpiga kura ana haki ya kujua nani anamlisha mgombea. Na 1982 ikaweka mlango wa pembeni: chama cha Kisoshalisti cha wafanyakazi kule Ohio kikaruhusiwa kuficha wachangiaji kwa sababu kilithibitisha kwamba watu wake walikuwa wanasumbuliwa na FBI na kupoteza kazi. Kwa hiyo kipimo ni madhara yanayothibitika. Ubaya au uzuri wa itikadi haumo kwenye mizani kabisa.

Kwa msingi huo nakubaliana na mleta uzi kwenye mgawanyo wake, ila nauwekea tahadhari moja. Huwezi kusema "serikali isijue" halafu ukafurahia kwamba serikali imekuchapishia jina. Mimi nasema lichapishwe, kisha aachiwe mpiga kura. Askari asilisome akiwa kazini.

---

Binti Likoni

Wakili, hilo la mwisho askari atalifuataje? Karatasi ikishakuwa hadharani ataisoma kama mwingine yeyote.

---

Wakili Tarajali

Ataisoma nyumbani kwake kama raia. Kosa la Missouri ni kwamba iliandikwa kwenye waraka wa kazi, kama maelekezo. Kesi ya Brandenburg ya 1969, ambayo mshtakiwa wake alikuwa kiongozi wa Klan wa Ohio, iliweka mstari: hata anayehubiri matumizi ya nguvu haadhibiwi mpaka maneno yake yawe yanachochea uhalifu wa papo hapo na yaelekee kuuleta kweli. Stika ya gari iko mbali na mstari huo kama Kigoma na Tanga.

---

Ndizi Mshale

Sasa ule mkasa wa uwanja wa ndege mbona hamuuelezi? Ndio mzuri kuliko yote.

---

Shahidi wa Mchujo

Niliubania makusudi uje wenyewe.

Machi 29, 2009, wiki chache tu baada ya ripoti ile kuvuja, tena jimbo lilelile la Missouri, uwanja wa ndege wa St. Louis. Kijana mfanyakazi wa Campaign for Liberty, taasisi iliyozaliwa na kampeni ya Ron Paul, anatoka kwenye mkutano wao. Amebeba kisanduku cha chuma chenye dola 4,700 hivi, fedha taslimu na hundi, mauzo ya tiketi, vitabu na stika. Walinzi wa TSA, idara ya serikali inayokagua abiria, wakakiona kwenye mashine, wakampeleka chumba cha pembeni. Pesa za nini? Unafanya kazi wapi? Kijana hakugoma. Alijibu kwa swali lilelile kila mara, kwa upole: je, sheria inanilazimisha kujibu? Wakamtukana, wakamtishia kumpeleka kituoni na kumkabidhi kwa FBI na kikosi cha kupambana na dawa za kulevya. Mwishowe akaja ofisa mwingine, akaona vitu vya kampeni, akamwachia.

Wasichojua, simu yake mfukoni ilikuwa inarekodi mwanzo mwisho.

Waliomchukulia kesi ni ACLU, shirika la kutetea haki za raia ambalo Warepublican wengi wanalichukia kama ukoma, na ambalo 1977 liliwatetea manazi wa Illinois waliotaka kuandamana Skokie, mji uliojaa Wayahudi walionusurika kambi za Hitler. Liliwapoteza wanachama wengi kwa ajili ya kesi ile na halikurudi nyuma. Kabla 2009 haijaisha TSA ikabadilisha maelekezo yake: upekuzi wa abiria ulenge usalama wa ndege, na noti peke yake si hatari kwa ndege. ACLU ikaondoa kesi.

---

Mkaa Houston

Hapo sina ubishi, na sababu yangu ni ya ubinafsi kabisa. Mimi ndiye ninayevutwa pembeni viwanjani huku, jina langu na ngozi yangu vinatosha, sihitaji kisanduku. Maelekezo yale kijana wa kizungu aliyapata kwa kurekodi, nami nayatumia. Ningependa tu watu wale wangeona kwamba yaliyowakuta wao kwa siku moja St. Louis ndiyo yanayotukuta sisi siku zote barabarani, na kwamba vijarida vya mzee wao vilikuwa vinawaambia wasomaji polisi wasilegeze mkono kwa watu kama mimi.

---

Binti Likoni

Hilo limeniingia, Mkaa.

---

Babu wa Kigogo

Marahaba mwanangu. Nimesoma yote. Swali la mzee: huyo Don Black aliachwa aseme anavyotaka, je, kuna aliyegeuka? Au kumwacha mtu aseme ni kumpa mbolea?

---

Shahidi wa Mchujo

Don Black mwenyewe hapana. Ila yule mtoto wake wa kwenye picha, aliyelelewa kuirithi Stormfront, alikwenda chuo Florida, mwanafunzi mwenzake Myahudi akawa anamwalika chakula cha Ijumaa jioni bila kumhubiria, na 2013 aliandika barua hadharani kuachana na itikadi ya baba yake. Sikulitaja kwa sababu watu hupenda kulitumia kama dawa ya kila kitu. Waliomtenga chuoni nao walichangia kumfanya ajiulize. Siwezi kukupimia nani alifanya kazi zaidi.

---

Kitasa

Matokeo sasa. Mzee alipata ngapi?

---

Shahidi wa Mchujo

Iowa asilimia 10, New Hampshire kama 8, Nevada kama 14 akawa wa pili nyuma ya Romney. Fox walimnyima kiti kwenye mjadala wao wa New Hampshire siku mbili kabla ya kura, mpaka chama cha jimbo kikajitoa kwenye udhamini. Uteuzi akachukua McCain. Alirudi 2012, Iowa akapata asilimia 21, na vijarida vikarudi naye. Desemba 2011 mtangazaji wa CNN alimbana juu ya hivyo hivyo, akavua kipaza sauti mahojiano yanaendelea. Januari 2013 akastaafu ubunge. Mwanaye Rand alikuwa tayari seneta wa Kentucky.

---

Binti Likoni

Na ibara ya 215 ipo bado?

---

Wakili Tarajali

Muda wake uliisha Machi 2020 na bunge halikuihuisha. Ila ibara ya 702 ya sheria nyingine ya upelelezi, FISA, inayokusanya mawasiliano ya wageni walio nje ya Marekani bila kibali cha jaji kwa kila mtu, waliiongezea miaka miwili Aprili 2024. Mgeni aliye nje ni wewe wa Likoni na mimi wa Dodoma, na hapo hata kura ya kumnyima mtu hatuna. Nikipata muda wikiendi nitaifungulia uzi wake.